Alama Nilizompa Mumbua

Wiki mbili zilizopita binti yangu Mutanu aliniuliza chuku ni nini, nikamjibu kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alikuwa amekaa mezani na setibuku yake, kile kitabu cha fasihi cha mtihani, kalamu mdomoni, anatafuta mbinu za mwandishi ili azijaze kwenye jedwali la mwalimu wao. Nikamwambia asinisumbue, atafute mwenyewe, kwani huyo mwalimu wake kazi yake ni nini. Mtoto akarudi kwenye jedwali lake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Ikutha, nimefundisha chuku kwa madarasa nisiyoweza kuyahesabu, na hakuna swali rahisi kama hilo. Baadaye nilimwomba msamaha nikamweleza vizuri: chuku ni kutia chumvi, ni pale mwandishi anapolikuza jambo kupita kiasi ili likuguse. Akaandika. Hakuuliza kwa nini nilikuwa nimemkemea.

Basi nitawaambia ninyi, wa rika langu, mliofundishwa kuandika insha jinsi tulivyofundishwa sisi. Dada yangu Mumbua aliandika kwamba anaumwa. Aliandika mara nyingi, kwa biro ya bluu, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mtu wa kwanza kuyasoma maneno hayo, na wa pekee, nilikuwa mimi, nikiwa na miaka kumi. Nilichofanya ni kumpa alama.

Nyumbani kwetu ni juu kidogo ya soko la Kasikeu. Baba alikuwa fundi wa mawe, kazi yake Emali, akija mwisho wa mwezi. Mwaitu, yaani mama yetu, ndiye aliyebaki na nyumba, na shamba, na ibada za akina mama kanisani. Watoto tulikuwa wawili, mimi na Mumbua, na kati yetu kulikuwa na miaka saba. Yeye alikuwa kidato cha nne, shule ya kutwa, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Hesabu alizimeza kama uji. Baiolojia pia. Alitaka kuwa muuguzi, na alikuwa ameshaamua hata atakavyofunga nywele akishavaa ile sare.

Kilichomkwamisha ni Kiswahili. Si ajabu. Nyumbani tuliongea Kikamba, kanisani Kikamba, sokoni Kikamba. Kiswahili kilikuwa kitu cha redio na askari. Mwalimu wao alimrudishia insha moja akiwa ameandika chini yake kwamba ni kavu, haina ladha, na akamwagiza atafute daftari aandike ukurasa mmoja kila siku kuhusu lolote lililomtokea, na kila ukurasa uwe na mbinu zisizopungua tano. Mnayakumbuka mambo yale. Machozi hayakutoka tu, yalitiririka njia mbili mbili. Mtu hakukimbia, alitimua mbio ungedhani anafukuzwa na simba mwenye njaa. Furaha haikuwa furaha mpaka iwe furaha ghaya. Watoto ambao hatukuwa tumeona maji mengi kuliko ya bwawa la chifu tuliandika kuhusu mawimbi ya bahari, na tukapewa alama. Kadiri ulivyotia chumvi ndivyo ulivyosifiwa mbele ya darasa. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza pia kuandika jambo jinsi lilivyo.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa na biro nyekundu. Msicheke. Biro nyekundu ilikuwa kitu cha walimu. Yangu niliiokota chini ya dirisha la ofisi ya shule, wino umebaki robo, nikaificha kwenye soksi mpaka nyumbani. Mumbua alipoiona alisema basi, nimepata kazi. Kila jioni akimaliza ukurasa wake alinipa daftari, nami nilisahihisha vile nilivyoona tukisahihishiwa sisi: mstari chini ya mbinu, jina la mbinu pembeni, na chini kabisa alama juu ya arobaini. Akaanza kuniita Mwalimu. Akija kuchukua daftari lake alikunja magoti kidogo, kwa mzaha, akauliza, "Mwalimu, nimepita?" Nami nilikuwa mkali, jamani. Nilimnyima alama mbili kwa kusahau nukta. Siku moja nilimwandikia aje na mzazi.

Setibuku yao mwaka huo ilikuwa riwaya kuhusu mjane mmoja mwenye kinu cha kusagia unga katika mji mdogo, na mashemeji waliotaka kumpokonya. Kitabu kilikuwa cha shule, kimefunikwa kwa gazeti, na ilikatazwa kuandika ndani yake hata kwa penseli. Tulikisoma wakati wa mbaazi. Tulikuwa tukikaa mlangoni pa jikoni, karai katikati, yeye anasoma ukurasa mimi natoa mbaazi kwenye maganda, halafu tunabadilishana. Maganda ya mbaazi mbichi yana utomvu unaonata, vidole vinageuka rangi, na kila kitabu cha shule kilichopita nyumbani kwetu msimu huo kilirudishwa na alama za vidole pembeni. Harufu ile nikiinusa leo sokoni Ikutha najikuta nimesimama, nimesahau nilichofuata.

Jioni moja tulifika mahali ambapo mtoto wa yule mjane anakufa. Mimi niliacha mbaazi nikajitayarisha. Nilijua yanakuja machozi ya njia mbili mbili, na ardhi kutetemeka, na pengine mbingu kulia. Lakini mwandishi hakusema lolote la namna hiyo. Alisema tu kwamba asubuhi yule mama aliosha vikombe viwili, akavikausha, akarudisha kimoja juu kabatini, hakukitoa tena. Ukurasa ukaisha. Mumbua hakugeuza, kidole chake kiko pale pale.

"Umeona alichofanya?" akaniuliza.

Nikamwambia hajafanya kitu, hakuna mbinu hata moja pale, mimi ningempa sufuri. Mumbua alicheka kwa pua mpaka mbaazi zikamwagika, tukaanza kuziokota kwenye vumbi. Halafu akafungua kitabu nyuma, akanionyesha. Siku kinu kilipoletwa mjini, sentensi moja ilikimbia nusu ukurasa, na watu, na punda, na makelele, na wali uliopikwa. Siku mashemeji walipofunga mlango kwa kufuli, ilikuwa maneno matatu, nukta. Maneno manne, nukta. Alikuwa ameyahesabu kweli. Akasema huyu mwandishi akifurahi anaongea sana, na akiumia anapunguza maneno, na kwamba jambo hilo halimo kwenye mwongozo wowote. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye ameokota kitu njiani na hataki wenzake wajue. Mimi nilikuwa nimechoka kuokota mbaazi. Nikamwambia asome mbele, tujue kama kinu kitarudi.

Maumivu ya kichwa yalianza karibu na siku hizo. Najua kwa sababu kila ukurasa una tarehe juu, na mimi ndiye niliyemkumbusha aweke tarehe.

Mara ya kwanza aliandika kwamba kichwa kimemuuma mithili ya mtu anayepasua kuni ndani yake. Nikapiga mistari miwili: tashbihi, chuku. Thelathini na moja juu ya arobaini. Siku nne baadaye aliandika kwamba ubaoni aliona maneno mawili mawili, kila neno limesimama na pacha wake. Hapo nilikaribia kuruka. Nilipiga mistari mpaka karatasi ikatoboka, tashihisi, takriri, chuku, nikaandika pembeni "Vizuri sana!" nikampa thelathini na sita. Hakuwa amewahi kupata alama kama hizo kwangu. Nilikaa nikimngoja aje aone.

Alikuja, lakini hakukunja magoti. Alisimama na daftari mkononi akiangalia wino wangu kwa muda mrefu.

"Na kama ni kweli?" akasema.

"Hata kama ni kweli," nikamwambia, "ni chuku."

Akaniangalia, akanishika kichwa kidogo, akaenda kuleta kuni. Nilikuwa na miaka kumi. Najua nilikuwa na miaka kumi, msiniambie. Mume wangu ameniambia, mchungaji ameniambia, hata mimi nimejiambia mbele ya kioo, na haijasaidia.

Baada ya hapo kurasa zake zikaanza kuwa fupi. Nimetapika asubuhi. Nimekosa mlango nikagonga ukuta. Leo sikuona alichoandika mwalimu wa hesabu. Mimi nikaona dada yangu amekuwa mvivu, mtihani unakaribia na yeye ameacha kujitahidi, na hasira niliyokuwa nayo ilikuwa hasira ya kweli. Nilimwandikia "Fupi mno, boresha." Nilimwandikia "Mbinu ziko wapi?" Mistari yake ilianza kuteremka, inatoka kushoto vizuri inaishia chini kulia, na pale nikaandika "Hati mbaya, fuata mstari." Kuna ukurasa una neno moja tu, "Kichwa." Nilimpa alama nane, saba za neno na moja ya nukta. Nilidhani nimemwonea huruma.

Alianguka shuleni, siku ya Jumatano, wakati wa somo la hesabu. Walimu wawili walimleta nyumbani, Mwaitu akaitwa kutoka shambani, Baba akapigiwa simu, Mumbua akapelekwa hospitali ya Wote na kutoka Wote akapelekwa Nairobi. Watoto hatukuruhusiwa wodini, kwa hivyo sikumwona tena. Alikaa huko siku kumi na moja. Baba aliporudi kutayarisha mazishi alikaa sebuleni na ndugu zake, nami nilikuwa chumba cha pili, mlango wa pazia tu kati yetu. Aliwaambia daktari amesema kulikuwa na kitu ndani ya kichwa, kimeota muda mrefu, na kwamba angeletwa mapema pengine mambo yangekuwa mengine. Baba alilisema lile neno "mapema" mara tatu. Kila mara nilijua ananisema mimi, ila tu hajui.

Kanisani siku ya mazishi walinikalisha benchi la mbele, na gauni la kuazima. Wasifu wa marehemu ulikuwa umechapishwa, na picha yake ya sare ya shule juu. Mjomba alisoma. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaimba kwaya ya vijana, alikuwa mtiifu na mcheshi. Mwishoni akasoma yale maneno ambayo husomwa kwa kila mtu, kwamba amepumzishwa na Bwana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa na daftari nyumbani lenye miezi mitatu ya kichwa hicho, tarehe juu ya kila ukurasa, na nilitaka kusimama niseme si mfupi, mjomba, rudia. Sikusimama. Niliogopa wangeuliza nimejuaje.

Usiku wa kuamkia mazishi nilikuwa nimefungua mkoba wake wa shule nikalikuta lile daftari, na ndani yake ukurasa mmoja ambao sikuwa nimeusahihisha. Ni wa Jumanne, siku moja kabla hajaanguka, jioni niliyolala kabla hajanipa daftari. Mistari imeteremka kama yote ya mwisho. Juu hakuandika "Mwalimu" kama alivyozoea, aliandika jina langu, lile la nyumbani, ambalo aliniita nikiwa mchanga na ambalo sitaliweka hapa. Chini yake kuna sentensi mbili. "Leo usinipe alama. Naogopa."

Biro nyekundu niliitumbukiza chooni. Daftari nililificha chini ya nguo kwenye sanduku langu, nikaenda nalo sekondari, nikaenda nalo chuo, nikaolewa nalo. Mwaitu hakuwahi kuniuliza kama Mumbua aliacha maandishi yoyote, nami nilishukuru hakuuliza.

Miaka yangu yote ya kufundisha nimechambua waandishi. Nimewaambia wanafunzi toeni mifano, thibitisheni, msiseme tu kwamba mtindo wake unavutia. Kwa hivyo acheni nithibitishe. Mwandishi ninayemjua vizuri kuliko wote alikuwa na miaka kumi na saba na kitabu chake kina kurasa mia moja na ishirini, daftari la mistari, jalada la bluu. Kurasa za mwanzo ni za kuazima, amebandika misemo kama mtu anayeshona viraka visivyo vyake, na yeye mwenyewe haonekani mahali popote. Kufikia katikati anaanza kuvua. Kwanza zinaondoka tashbihi. Halafu vinaondoka vivumishi. Kisha viunganishi, hakuna tena "kwa hivyo" wala "ingawa", kila sentensi imesimama peke yake. Alijifunza kwa yule mwandishi wa mjane kwamba ukiumia punguza, na akapunguza, kwa makusudi, siku baada ya siku, kwa ajili ya msomaji mmoja. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa uliomnyang'anya maneno, na pengine sehemu yake ni ugonjwa. Lakini sentensi zile hazina kosa hata moja. Nimezipitia kama mtahini. Aliamini kwamba akiondoa mapambo yote nitaona kilichobaki. Kama mwandishi, alifanya kila kitu sawasawa. Msomaji ndiye hakuwa tayari.

Wanafunzi wangu hunicheka. Wanajua msichana akiandika kwenye insha kwamba tumbo lilimkata kama kisu, nitamwita nje ya darasa nimuulize tumbo gani, lini, amemwambia nani. Wengi hushangaa. Wanasema, madam, hiyo ni mbinu tu. Nawaambia sawa, lakini linauma au haliumi?

Baada ya lile swali la Mutanu sikulala vizuri siku kadhaa. Jumamosi nilitoa daftari sandukuni, nikalifunga kwa leso, nikaenda Kasikeu. Baba alishatangulia miaka mingi. Mwaitu bado yuko pale pale, macho yamefifia, anawatambua watu kwa jinsi wanavyovua viatu. Nilimpikia, tukala, nikatoa vyombo. Halafu nikamwambia nimemletea kitu cha Mumbua. Hakushtuka. Alijivuta kwenye kiti akaweka mikono magotini, kama anavyokaa kanisani neno likisomwa.

Nilimsomea kuanzia ukurasa wa kwanza, nikitafsiri kwa Kikamba pale nilipoona Kiswahili kinamshinda. Kwenye zile kurasa za furaha ghaya alitabasamu. Nilipofika kwenye kichwa nilisoma pole pole. Yale ya wino mwekundu niliyaruka, yote, mpaka nilipofika kwa neno lile moja na alama zake nane, nikashindwa kuendelea kuruka. Nikamwambia, Mwaitu, humu ndani kuna mwandiko wangu pia. Nikamwambia nilichoandika, ukurasa kwa ukurasa. Nikamwambia nilijua miezi mitatu, na kwamba daktari aliposema mapema alikuwa ananisema mimi, na kwamba nimekuja kumwomba msamaha kwa ajili ya mtoto wake.

Alinyoosha mkono nikampa daftari. Alilipapasa, akageuza karatasi mbili tatu ambazo hakuweza kuziona.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Na wewe alikuandikia. Mimi aliniambia kwa mdomo, amesimama hapo mlangoni, kwamba kichwa kinamuuma na anatapika kila asubuhi. Nikafunga mlango, nikamuuliza mimba ni ya nani."